Sanduku la visu vya Bangkok: kipi ni cha Kithai na kipi sicho

"Shikamoo mzee. Marehemu baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa vito. Tangu enzi za Tunduru alikuwa akienda Bangkok na Chanthaburi, na kila akirudi hakosi kisu. Ametuachia sanduku lenye vitu tisa: panga mbili ndefu zinazofanana, mipini imezungushiwa henzirani, upanga mmoja wa ala ya fedha, bapa lake jeusi lina picha, kisu cha kupindapinda kama nyoka chenye mpini wa sanamu, kisu kifupi kipana kwenye ala ya mbao, kisu kikubwa cha jikoni ambacho mama ameshaanza kukatia kuku, kitu kama mundu chenye mpini mrefu, kisu kidogo chenye mpini mweupe na maandishi nisiyoyajua, na ulimi wa chuma wenye meno, hauna mpini. Jirani yetu anasema tujaribu kwa sumaku, kikinasa ni cha kale, na kwamba hicho cha nyoka ni upanga wa wafalme wa Thailand. Anashauri tuvisugue vyote kwa msasa ving'ae kwa sababu kuna mtu mtandaoni yuko tayari kununua sanduku zima. Mama anataka kile chenye maandishi kitupwe baharini, anasema ni uganga. Tupo Tanga. Picha nimekutumia. Vipi ni vya Kithai kweli, na tufanye nini?"

Marahaba, mwanangu, na Mungu amlaze baba mahali pema. La kwanza kabisa: msasa urudisheni dukani. Kati ya vitu hivyo tisa, kimoja kitakufa kikisuguliwa, kingine kitapoteza maandishi yake, na vilivyobaki havitaongezeka thamani hata senti moja. Mengine nitakayokueleza yanaweza kusubiri wiki au mwezi. Hilo la msasa halisubiri.

Umeuliza swali moja lakini ndani yake naona matatu. Unataka kujua kipi ni cha Kithai. Unataka kujua kama mmekalia mali au mmekalia vyuma. Na kuna la mama, ambalo umelitaja kwa haraka, ila nadhani ndilo linalowanyima usingizi hapo nyumbani. Nitayafikia yote.

Tuanze na ya jirani. Sumaku hunasa chuma, basi. Itanasa upanga wa miaka 200 na itanasa panga la dukani la juzi, na hata visu vingi vya stenlesi hunaswa. Haijui umri. Kwenye sanduku lenu ina kazi moja tu: igusishe kwenye ala ya fedha. Ikinasa, chini ya mng'aro huo kuna bati. Isiponasa, bado hujathibitisha fedha, maana shaba na alumini nazo hazinaswi. Umeondoa uwezekano mmoja tu.

Kutu nayo isikudanganye. Kwa hewa ya chumvi mliyonayo Tanga, kisu kipya kinaweza kuzeeka kwa masika moja. Cha kutazama ni aina ya kutu. Ile nyekundu inayobaki kidoleni kama unga ni kutu hai, inakula chuma. Lakini weusi au ukahawia uliotulia, laini ukiupapasa, hiyo ni ngozi ambayo chuma kimejivika kwa miaka, na inakilinda. Wanunuzi wanaojua kazi hulipa kwa sababu ya ngozi hiyo, na msasa huiondoa kwa dakika tano.

Sasa namna ya kutazama. Watu wengi huanza na ncha au nakshi, wakapotea. Anza pale bapa linapoingia kwenye mpini. Karibu panga zote za ukanda ule, kuanzia Burma mpaka Kambodia, zimeunganishwa kwa njia moja. Bapa huishia kwenye mkia mfupi uliochongoka. Mpini hutobolewa, tundu hujazwa lakiri, ile iliyokuwa ikifungia barua za serikali, kisha mkia hupashwa moto na kushindiliwa humo. Lakiri ikipoa hushika. Hakuna ribiti inayopita ubavu hadi ubavu, hakuna nati kwenye kitako. Ukiona nati mwishoni mwa mpini wa upanga unaoitwa wa kale, kuna mtu aliutengeneza karibuni, au aliukarabati karibuni.

Hapo utaelewa pia kwa nini mipini mingi ya panga hizi hucheza. Lakiri huchoka, na joto huilainisha. Upanga uliosahauliwa kwenye buti la gari adhuhuri unaweza kuvuka mpini wake wenyewe. Kwa hiyo mpini unaocheza si dalili ya bandia. Msiuzamishe kwenye maji ya moto, msiuweke juani, na tafadhali msiumiminie gundi ya dukani, kwa sababu fundi atakayekuja baadaye atalazimika kuupasua ili aitoe.

Kabla sijaingia kwenye kimoja kimoja, fahamu jambo hili litakalokusaidia kuliko majina yote. Upanga wa makali upande mmoja, uliopinda kidogo, wenye mpini mrefu wa mviringo na kinga ndogo ya mkono au bila kinga kabisa, si mali ya Wathai peke yao. Waburma wanao, Walao wanao, Wakhmer wanao, Washan wanao. Wathai huuita dabu. Ukitafuta mtandaoni andika "daab". Waburma huuita dha. Falme hizi zilipigana kwa karne nyingi, Ayutthaya yenyewe, mji mkuu wa Wathai wa wakati huo, ikateketezwa na Waburma mwaka 1767, na katika vita vya namna ile aliyeshinda alihamisha watu, mafundi wakiwemo. Wahunzi wa Aranyik, kijiji cha visu maarufu kuliko vyote Thailand, kilichopo wilaya ya Nakhon Luang mkoani Ayutthaya, ni wazao wa watu waliotoka Vientiane, ambako leo ni Laos. Ayutthaya ilikuwa pia na mtaa wa Wajapani, na Yamada Nagamasa, aliyefariki mwaka 1630, alipata cheo kikubwa katika utumishi wa mfalme. Ndiyo maana ukikuta bapa la Kijapani kwenye mpini wa Kithai usikimbilie kusema ni la kughushi.

Kwa sababu hiyo, herufi ni msaada mkubwa pale zinapokuwepo. Chukua kioo cha kukuzia. Herufi za Kithai nyingi zina kijiduara kidogo mwanzoni, kama kichwa cha pini. Za Kiburma karibu zote ni miduara mitupu, mizima au iliyofunguka upande mmoja. Kuna na za tatu, zenye pembe pembe na vinywele juu yake: hizo ni Khom, maandishi yenye asili ya Kikhmer ambayo watawa wa Thailand waliyatumia kuandikia maneno matakatifu ya Kipali, lugha ya vitabu vya Kibudha. Shikilia hizo tatu, tutazirudia.

Panga zenu mbili ni za Kithai. Karibu na mpini herufi ni za Kithai na zinasomeka Aranyik. Ziko mbili kwa sababu ndivyo zinavyotumika katika krabi krabong, mchezo wa silaha wa Kithai: moja kila mkono. Swali ni kama zilifuliwa kwa vita, kwa mchezo au kwa wageni, na jibu lipo kwenye mgongo wa bapa. Mhunzi anayefua upanga wa kupigana huuacha mgongo mnene karibu na mkono na kuupunguza taratibu kuelekea ncha, ili uzito ukae karibu na kiganja na upanga ugeuke upesi. Upanga uliokatwa kwenye bamba la kiwandani una unene uleule mwanzo hadi mwisho. Azima kipimo cha fundi wa gari, pima karibu na mpini, katikati na karibu na ncha. Ukipata milimita 7, kisha 5, kisha 3, umeshika kazi ya nyundo. Ukipata 3 mahali pote, umeshika kazi ya msumeno. Kwa mng'aro ninaouona pichani na makali yaliyoachwa butu, nadhani ni panga za mchezo, za miaka ya baba yako. Ni nzuri, ni halali, ila si urithi wa kumlipia mtoto ada.

Hapa kuna hadithi utakayosimuliwa na kila muuzaji, kwa hiyo uijue mapema. Watakuambia chuma hicho ni cha Nam Phi. Nam Phi ni mahali pa kweli, mkoani Uttaradit, kwenye machimbo ambayo mawili kati yake, Bo Phra Saeng na Bo Phra Khan, yalitengwa kwa ajili ya silaha za wafalme. Mkoa huohuo ndio wa Phraya Phichai, shujaa ambaye mwaka 1773 upanga wake ulivunjika vitani dhidi ya Waburma akaendelea kupigana, na hadi leo anaitwa Phichai wa Upanga Uliovunjika. Historia hiyo ni tamu. Lakini hakuna jicho la binadamu linaloweza kutazama bapa lililokwisha fuliwa na kusema madini yake yalichimbwa wapi. Panga nyingi za Aranyik za siku hizi zimefuliwa kwa springi za magari, malighafi ileile ambayo wahunzi wetu hufulia sime. Wala si aibu; springi ya lori ni chuma kizuri sana cha kisu.

Upanga wa ala ya fedha si wa Kithai. Ni wa Burma, na ndio ambao msasa ungeuua. Bapa lake jeusi si uchafu. Mafundi wa Burma wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliukwaruza uso wa chuma mikwaruzo midogo midogo ya kukatizana, wakalaza uzi mwembamba wa fedha juu yake na kuugonga kwa nyundo ndogo mpaka ukauma ndani ya mikwaruzo, kisha chuma kikafanywa cheusi ili picha ionekane. Fedha hiyo ni nyembamba kuliko ukucha. Tazama picha yako ya nne, karibu na ncha: mguu wa farasi umekatika. Uzi umedondoka, na pale ulipokuwa unaonekana mkeka wa mikwaruzo. Kasoro hiyo imenifurahisha kuliko kitu kingine chochote sandukuni, kwa sababu nakala za kisasa picha zake huchongwa kwa asidi au kupakwa rangi, na rangi ikitoka haiachi mkeka chini. Papasa taratibu kwa ubavu wa kidole. Kwenye kazi ya kweli utausikia uzi umeinuka kidogo sana.

Umefikaje Bangkok? Maduka ya vitu vya kale ya Bangkok na Chiang Mai yamejaa bidhaa za Burma, na mfanyabiashara wa vito hakosi kufahamiana na wauza rubi wa Burma. Kama kuna kitu sandukuni kinachostahili kutazamwa na mtaalamu ana kwa ana kabla ya kutajiwa bei, ni hiki.

Kisu cha nyoka ni kris, na hapo jirani yako amekosea mara mbili. Kwanza, upanga wa wafalme wa Thailand, ule unaokabidhiwa mfalme anapotawazwa, hauna mawimbi hata moja. Unaitwa Phra Saeng Khan Chai Si. Ni upanga ulionyooka wenye makali pande mbili, ambao kwa mapokeo ulivuliwa na wavuvi katika ziwa Tonle Sap, Kambodia, mwaka 1784, ukapelekwa kwa mfalme Rama wa Kwanza, naye akautengenezea mpini na ala. Upo mmoja tu na uko Bangkok. Pili, kris ni silaha ya ulimwengu wa Kimalei. Thailand inazo za kwake, lakini ni za kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, kwa Waislamu wenye asili ya Kimalei. Wilaya ya Raman mkoani Yala ina jadi yake ya kufua kris. Kris ya Pattani huijua kwa mpini: kichwa kikubwa chenye pua ndefu kama mdomo wa ndege. Wenu ni sanamu ya jitu limechuchumaa, limepakwa dhahabu na kupachikwa vioo vya rangi. Hiyo ni Bali, Indonesia. Ni kweli Wabali wana kris za kale zenye mipini ya namna hiyo, ila hutengeneza pia nyingi sana kwa watalii.

Kupambanua za kazi na za watalii, tazama chini kabisa ya bapa, pale linapotanuka kabla ya mpini. Kwenye kris iliyofuliwa kwa jadi, kile kipande kipana mara nyingi ni chuma cha pekee kilichopachikwa, na mstari wa kiungo unaonekana ukipita upana wote. Kwenye ya kitalii ni bamba moja, au mstari umechorwa tu. Hesabu na mawimbi: kwa kanuni ni witiri, saba, tisa, kumi na moja. Ukipata shufwa, hesabu tena, na ukipata shufwa mara ya pili anza kuwa na shaka. Jambo moja la usalama: katika nchi za kris bapa huoshwa kwa maji ya ndimu na aseniki ili michoro ya chuma itokeze, na aseniki ni sumu. Vaa glavu, nawa mikono, na watoto wasikichezee.

Kisu kifupi kipana sasa. Ukiniuliza kipi ningekichukua mimi, ni hiki, ingawa mnunuzi wa mtandaoni pengine hata hakukitazama. Ni cha aina inayoitwa e-nepu, kisu cha kuchomeka kiunoni, na ni cha Kithai kabisa. Tumbo la makali hufura kuelekea mbele, kisha mgongo hushuka kukutana nalo kwenye ncha. Uzito wote umesogezwa mbele ya mkono, kwa hiyo kipigo kinafanya kazi chenyewe, iwe ni mwanzi au dafu. Ala yake ni vipande viwili vya mti vilivyofumbatishwa na kufungwa pete za henzirani. Kilichonivutia kwenye chenu ni dalili za kazi. Katikati ya makali pameingia ndani kidogo, ndivyo kinavyokuwa kisu kilichonolewa palepale miaka mingi na mtu mmoja mwenye kinoo kimoja. Mpini umekoza rangi upande wa kiganja na kubaki mweupe upande wa pili. Na mdomo wa ala umelika upande ule mkono wa kulia unapovutia. Uchakavu wa kughushi hupakwa pote sawasawa. Wa kweli hukaa pale mwili ulipogusa. Baba yako alikinunua hiki kwa mkulima, au kwa mtu aliyekinunua kwa mkulima.

Vitatu vinavyofuata havihitaji maneno mengi. Kisu cha jikoni ni ito ya Kithai. Kingekuwa mraba ulionyooka kama tofali lililolazwa, ningesema ni pangto, kilicholetwa na Wachina wa Kiteochew. Chenu kina tumbo, kwa hiyo ni ito. Mwache mama aendelee na kuku wake, kisu cha jikoni hakifi kwa kutumika. Kile cha mfano wa mundu ni kweli mundu: wa kuvutia na kukatia mianzi na miwa. Na ule ulimi wa chuma wenye meno nashangaa hamkuutambua, nyinyi watu wa Tanga. Ni mbuzi ya nazi iliyokosa kigoda! Wathai hukuna nazi wakiwa wameikalia vilevile, ila kigoda chao aghalabu huchongwa umbo la sungura. Kama kigoda kipo stoo, kitafuteni; pamoja na kigoda kinaweza kuwa kitu cha kupendeza sebuleni, bila kigoda ni chuma tu.

Nimekiacha cha mpini mweupe mpaka sasa kwa makusudi. Maandishi yake ni ya ile aina ya tatu, Khom, na mpangilio wake wa miraba na duara ni michoro ya kinga. Kinaitwa mit mo, kisu cha mganga. Hakikufuliwa kukata kitu wala kumdhuru mtu. Hutengenezwa na kubarikiwa na watawa wa Kibudha, mwenye nacho hukibeba kwa kinga, na hutumika pia kutengenezea maji ya baraka na kufukuzia pepo. Kwa Wathai kina kazi ileile ambayo hirizi inayo kwetu. Maarufu kuliko vyote ni vile vya Luang Pho Doem, mtawa wa hekalu la Nong Pho mkoani Nakhon Sawan, aliyefariki mwaka 1951. Kwa kuwa ni maarufu, vimeghushiwa kupita kiasi, na huko kwao kuna watu ambao kazi yao ni hiyo tu, kubishana kipi chake na kipi si chake. Kwa picha, mtu yeyote atakayekuambia kwa uhakika kwamba chenu ni cha Luang Pho Doem, mshukuru na usimwamini.

Kuhusu mama, sitamwambia aamini nini. Kama kitu kinamtia hofu ndani ya nyumba yake, hofu hiyo ni ya kweli na iheshimiwe. Zungumzeni na kiongozi wenu wa dini, na kwa sasa kifungeni kwenye kitambaa safi cha pamba, kikae mahali ambapo hakioni. Lakini kisitupwe baharini, na sababu yangu kubwa si ya kidini. Ni ule mpini mweupe.

Mipini ya mit mo mingi ni ya mbao, mingine ni ya pembe za ndovu. Tazama kitako cha mpini kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa mchana. Mistari myembamba inayokatizana kama wavu ni dalili ya pembe ya ndovu. Vitobo na vijistari vyeusi vilivyotawanyika ni mfupa. Mshono mwembamba unaozunguka mpini, au mistari iliyo sambamba mno kupita kawaida, ni plastiki. Usichome sindano ya moto kama wanavyoshauri mitandaoni. Unaharibu kitu na hupati jibu la maana. Kama unaona wavu, acha kila kitu hapo. Biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Asia imepigwa marufuku tangu 1975, na hapa Tanzania Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inafanya kuwa na nyara bila kibali kuwa kosa, hata kama umerithi. Usikipige picha ya kuuza, usikitume kwa posta, usisafiri nacho. Tafuta wakili, ambatana naye kwenye ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, mkaeleze kilivyowafikia. Wanaokwenda wenyewe hawako sawa na wanaokamatwa, na huyo mnunuzi wa sanduku zima kama anajua kilichomo, anajua pia hatari hiyo anaibeba nani mpaka siku ya kukabidhiana.

Sasa rudi kwenye sanduku lenyewe. Msitupe chochote kilichokuwa kimefungia visu. Risiti, kadi ya duka, hata gazeti. Miaka ya Kithai huhesabiwa kwa kalenda ya Kibudha, kwa hiyo ukikuta 2514 kwenye gazeti au kwenye bapa, toa 543 upate 1971. Tafuta pia karatasi ya serikali yenye nembo ya Garuda, yule ndege mwenye mwili wa mtu. Kwa sheria ya Thailand ya mwaka 1961, kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali cha Idara ya Sanaa. Kama kibali kipo cha ule upanga wa fedha, karatasi hiyo ina uzito kuliko maneno yangu yote, maana wataalamu wa kule waliushika mkononi. Kama hakipo, haimaanishi baba alifanya kosa, bali mnunuzi makini atauliza na ni vizuri mjue mapema.

Utunzaji ni rahisi. Futa kwa kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta ya cherehani, upake wembamba kama hujapaka. Mafuta ya nazi hapana, yanachacha. Kile cha Burma usikipake kwenye picha. Kifute vumbi kwa brashi laini tu. Visikae ndani ya ala, hasa za mbao na ngozi, kwa sababu ala hunyonya unyevu wa Tanga na kuukumbatisha na chuma. Kwa kutu nyekundu iliyokwisha ingia, nendeni Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mkaombe kuonana na mtu wa uhifadhi. Hatawapa bei, na pengine hajawahi kushika upanga wa Burma, lakini anajua chuma na chumvi kuliko fundi yeyote wa mtaani. Bei ya upanga huo waulizeni wanaouza silaha za Asia kwa mnada. Nyumba nyingi za mnada Ulaya hutoa makadirio ya awali kwa picha, na hamlazimiki kusafirisha kitu. Waulizeni zaidi ya mmoja.

Huyo wa mtandaoni mwambieni hamuuzi sanduku zima. Akikubali kuzungumzia kimoja kimoja, ni mnunuzi. Akisema ofa inaisha leo jioni, iache iishe.

Mkishatulia nitumie vipimo vya migongo ya zile panga mbili, picha ya kitako cha mpini mweupe iliyopigwa dirishani bila flashi, na picha ya pale mpini wa upanga wa fedha unapokutana na bapa. Ya mpini mweupe nitumie mimi peke yangu, usiiweke kwenye kundi lolote.